Kemu na kompresheni ya injini ya turbo: usianze na katalogi, anza na ziwa

Mwezi haupiti bila mtu kuja gereji kwangu hapa Mwanza na simu mkononi, anafungua video ya Mjapani au Mmarekani, anasema fundi nataka kama hii hapa, kemu za 272 na pistoni za 8.5. Kemu ni zile shafti zinazofungua vavu, 272 ni digrii ambazo vavu inakaa wazi, na 8.5 ni kompresheni, yaani hewa inabanwa mara ngapi pistoni ikipanda. Namuulizaga gari unaendeshea wapi, ananijibu nyumbani Buswelu, kazini mjini, Jumapili naenda Magu kuwasalimia wazee. Hapo hapo nishajua 272 hazimfai, ila kumshawishi ndo kazi, kwa sababu kwenye video ile gari inanguruma kama simba mwenye njaa na yeye anachotaka kwa kweli ni ule mlio.

Sasa nimeamua niandike mpangilio ninaoufuata mimi, na mpangilio wenyewe ndo jambo kubwa humu: kwanza matumizi, halafu hewa na mafuta ya hapa kwetu, halafu turbo (pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa ndani ya injini), halafu kompresheni, kemu zinakuja mwisho kabisa. Wengi wanageuza wanaanza na kemu. Hata mimi nilianzaga hivo. Nilikuwa na Toyota Verossa yenye injini ya 1JZ-GTE, ile ya VVT-i (mfumo wa kusogeza muda wa kemu ya inteki, yaani ya upande wa hewa kuingia) yenye turbo moja, nikapata kemu za 272 kwa bei ya kutupa nikazifunga juu ya turbo ile ile ya kiwandani. Kwa sababu nilisikia turbo inataka kompresheni ndogo nikaongeza na gasketi nene ya hedi. Enzi hizo daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa bado, unakaa foleni ya kivuko, gari inatetemeka kwenye silensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) mpaka abiria ananiuliza kama ina malaria. Chini ya RPM 4000 ilikuwa nzito kuliko Noah ya abiria, juu ya hapo inaamka kidogo, halafu kwenye 6000 turbo nayo inaishiwa pumzi. Yaani nilikuwa na injini ya RPM elfu mbili tu. Nilitoa hela kupunguza nguvu.

Hatua ya 1: andika gari inaishi wapi

Chukua karatasi kabisa, usifanye kichwani. Andika RPM unazotumia kila siku. Mtu wa mjini Mwanza, na foleni ya Mabatini na vilima vyetu, anaishi kati ya 1500 na 3500. Anayekwenda sana Lamadi au Shinyanga anakaa 2500 mpaka 3000 muda mrefu, anahitaji nguvu ya kupita lori ghafla. Wa mashindano anaishi 4500 kwenda juu, na huyo ni mmoja kati ya hamsini wanaokuja kwangu, wengine wote wanajidanganya tu.

Jaribio langu ni kilima cha Bugando ukiwa na watu wanne na kiyoyozi kimewaka. Kama injini yako itapanda pale gia ya pili bila kulazimika kuikaanga, umejenga vizuri. Injini ya turbo inayosubiri 4500 ndo iamke, pale utaaibika mbele ya bodaboda.

Hatua ya 2: hesabu hewa ya hapa

Hii sehemu ndo watu wanairuka na ndo inayotutofautisha na hao wa kwenye video. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1134 juu ya bahari, na mji wetu unaanzia hapo kwenda juu kwenye miamba. Kwa urefu huo mgandamizo wa hewa ni kama 0.88 bar, wakati Dar pwani ni 1.01. Maana yake injini isiyo na turbo, au injini ya turbo ambayo turbo yake haijaamka, inapoteza kama asilimia 12 au 13 ya hewa kabla hujafanya chochote. Ukiishusha tena kompresheni na ukafunga kemu kubwa, umeipokonya mara tatu.

Sasa angalia upande wa pili. Geji ya busti (mgandamizo unaoongezwa na turbo) inasoma tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje tu, haisomi hewa yote. Ukiona 1.0 bar kwenye geji ukiwa Mwanza, ndani ya manifodi (mabomba ya kugawa hewa kwenye silinda) kuna 1.88. Ukiona 1.0 hiyo hiyo ukiwa Dar, kuna 2.01. Kuna hesabu ya kienyeji watu wanaitumiaga, unazidisha kompresheni na hiyo hewa yote. Sio ya kisayansi sana na usiitegemee kwa mengine, ila kwa kulinganisha inasaidia: 8.5 mara 2.01 ya Dar unapata kama 17.1, na 9.0 mara 1.88 ya Mwanza unapata 16.9. Yaani kwa busti ile ile ya geji, sisi wa ziwani tunaweza kubeba nusu namba zaidi ya kompresheni, mzigo kwenye silinda ukawa karibu sawa na wa mtu wa pwani mwenye 8.5. Hiyo nusu ndo inayokurudishia uhai chini kabla turbo haijaamka, ndo maana mimi siogopi 9.0 hapa.

Ila kuna deni. Turbo ya Mwanza inafanya kazi kubwa zaidi kufikisha geji ile ile, kwa sababu inaanza na 0.88: kutoka hapo mpaka 1.88 ni mara 2.14, wakati Dar ni kama mara 2. Kwenye hewa ya digrii 28 na turbo yenye ufanisi wa asilimia 70 hivi, inayotoka pale kabla ya intakula (kipoza hewa ya turbo) inakuwa kwenye digrii 132, na Dar ingekuwa kama 122. Hizo digrii kumi intakula lazima izibebe, kwa hiyo usinunue intakula ya urembo. Na ukitaka kufikia 2.0 kamili ndani ya manifodi ukiwa hapa, geji itabidi isome 1.12, turbo ndogo hapo inakuwa inapuliza moto tu.

Deni la pili limemkuta rafiki yangu. Tulityuni gari yake hapa, kompresheni 9.2, geji 1.1, ikawa tamu kweli. Akaenda nayo Dar kwenye harusi. Springi ya westigeti (kilango kinachozuia busti isizidi) inapima dhidi ya hewa ya nje, kwa hiyo geji ilibaki 1.1 kama kawaida na yeye hakuona tofauti yoyote, ila ndani hewa ilizidi kwa asilimia 6 hivi na gari ikawa inatembea kwenye eneo la ramani ya kontrol boksi (jedwali la mafuta na cheche kwenye kompyuta ya injini) ambalo sisi hapa hatukuwahi kulifika, namba zilizokuwemo ni za kukisia. Akaivuta vizuri joto la saa nane mchana, Chalinze pistoni namba tano ikavunjika ule ukuta kati ya ringi. Kosa langu, nilitakiwa nikate busti kwa hewa yote, sio kwa geji, au nimwambie tu mkuu ukishuka Morogoro punguza. Siku hizi namwandikia mteja kwa kalamu kwenye kioo cha jua.

Hatua ya 3: mafuta unayoyapata siku mbaya

Jenga kwa mafuta ya siku mbaya, usijenge kwa ya siku nzuri. Ukiwa njiani huko unajaza sheli iliyopo. Kila mtu anakumbuka habari za uchakachuaji, petroli ikichanganywa na mafuta ya taa okteni (uwezo wa petroli kutojilipukia yenyewe) inaporomoka vibaya sana, na injini yenye kompresheni kubwa na busti ndo ya kwanza kulia. Zile chupa ndogo za kuongeza okteni zisikudanganye, zikiandikwa zinapandisha pointi tatu mara nyingi wanamaanisha 0.3, sio 3.

Hapa nieleze neno moja maana linachanganyaga. Sisi tukisema injini imenoki tunamaanisha imeshakufa, bearingi zimekwisha, inapiga nyundo. Ninachoongelea mimi kwenye uzi huu ni kitu kinachotokea kabla ya hapo: mchanganyiko unajilipukia wenyewe pembeni ya silinda kabla moto wa plagi haujafika, unasikika kama kokoto ndani ya kopo. Hicho ndo kinavunja pistoni na kuchimba bearingi. Mimi naita kugonga. Kompresheni, busti, joto la hewa, hewa chafu iliyobaki ndani ya silinda na muda wa cheche, vyote vinachangia kugonga. Ukipandisha kimoja inabidi ushushe kingine.

Hatua ya 4: turbo kwanza, na pima inavyosukuma nyuma

Usinunue kemu kabla hujajua turbo. Turbo ndogo inaamka mapema lakini inabana ekzosi. Kwenye turbo nyingi za kiwandani ukipuliza 1.0 bar upande wa inteki, kwenye manifodi ya ekzosi kunaweza kuwa na 1.5 mpaka 2. Turbo kubwa yenye nyumba pana ya ekzosi inaamka usingizi saa nne asubuhi ila haibani, pande mbili zinakaribiana.

Kwa nini hii ni muhimu kwa kemu? Kwa sababu kuna muda vavu ya ekzosi haijafunga bado na ya inteki imeshafunguka, zote mbili ziko wazi. Kwenye injini isiyo na turbo huo muda unasaidia, moshi ukitoka unavuta hewa mpya. Kwenye turbo inayobana, moshi una nguvu kuliko hewa mpya, unarudi ndani. Umejaza silinda moshi wa moto halafu unashangaa inagonga.

Kupima ni rahisi na watu hawafanyi. Chomelea nati ndogo kwenye manifodi ya ekzosi kabla ya turbo, funga bomba la shaba la mafundi friji kama mita moja, lizungushe kama springi ili lipoe, mwisho wake weka hosi na geji ya kawaida ya 0 mpaka 4 bar. Endesha, mwenzako asome geji mbili kwa pamoja. Ekzosi ikiwa mara 1.2 ya busti au chini yake, una uhuru na kemu. Ikiwa mara 1.8 au 2, kemu za kiwandani ndo rafiki yako, hela ya kemu peleka kwenye turbo au downpaipu (bomba la moshi linalotoka kwenye turbo). Mimi kwenye Verossa ningepima siku ile nisingenunua zile 272 hata kwa bure.

Hatua ya 5: kompresheni

Kwanza ujue viwanda vilifanya nini, maana hawakuwa wajinga. 1JZ-GTE ya zamani yenye turbo mbili ni 8.5, ya VVT-i ni 9.0. 2JZ-GTE 8.5. SR20DET ya Nissan 8.5. 4G63 ya Mitsubishi Evo 8.8. EJ205 ya Subaru WRX 8.0. Hizi mpya zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda zinafika 10 na zaidi, GR Yaris ni 10.5, lakini zile petroli ikipuliziwa ndani inapoza hewa. Usichukue namba zao ukaweka kwenye 1JZ yenye nozeli za kwenye manifodi.

Faida ya kupandisha ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa hesabu ya darasani, kutoka 8 mpaka 9 unapata kama asilimia 3.5 ya ufanisi. Busti ya 0.1 bar kwenye RPM za juu inakupa zaidi ya hapo. Kwa hiyo kompresheni haikupi nguvu ya juu, inakupa gari ya kuendesha: inavyoitika ukikanyaga kidogo, unywaji wa mafuta, turbo kuamka mapema. Na wewe muda mwingi unaendesha bila busti, ulishaandika kwenye karatasi ya hatua ya 1.

Sasa pima, usiamini kilichoandikwa kwenye kitabu, kwa sababu injini zetu zimeshapita mikono mingi na hedi zimeskimiwa (uso umekwanguliwa unyooke), nyingine mara mbili tatu baada ya kuchemsha. Unachohitaji ni sirinji ya 20 cc kutoka duka la dawa, kipande cha plastiki ngumu angavu chenye tundu, grisi, na mafuta ya taa kidogo. Pindua hedi, vavu na plagi ziwepo, paka grisi pembeni ya chumba, bandika plastiki, jaza kwa sirinji ukihesabu. Fanya vyumba vyote, visitofautiane zaidi ya nusu cc hivi. Halafu pistoni nayo, kama ina shimo au nundu juu. Halafu unene wa gasketi ikiwa imeshabanwa, na pistoni inafika wapi kwenye bloku ikiwa juu kabisa.

Jumlisha nafasi yote inayobaki pistoni ikiwa juu. Kompresheni ni ujazo wa silinda ukijumlisha nafasi hiyo, ugawe kwa nafasi hiyo hiyo. Mfano wa 1JZ: silinda 86 mm kwa 71.5 mm ni 415.3 cc. Ukitaka 9.0 nafasi iwe 51.9 cc. Ukitaka 8.5 iwe 55.4. Gasketi yenye tundu la 87 mm, kila milimita moja ya unene ni karibu 5.9 cc. Ukiongeza nusu milimita kwenye ile ya 9.0 unashuka mpaka 8.57. Hedi iliyoskimiwa 0.3 mm inapanda kufika karibu 9.3, bila mwenye gari kujua. Umeona mchezo? Mtu anasema injini yangu ni 9.0, kumbe fundi wa mwaka juzi alishaipandisha.

Gasketi nene mimi siipendi, ingawa nimeitumia. Pistoni ikiwa juu ile nafasi nyembamba ya pembeni inatakiwa iwe kama 0.8 mpaka 1.0 mm ili mchanganyiko ubanwe urushwe katikati kwa plagi. Ukiweka gasketi nene unaua hiyo, unashusha kompresheni lakini injini inagonga karibu vile vile. Bora pistoni zenye shimo la kutosha. Wale wa 1JZ-GE na 2JZ-GE za kawaida, zenye 10 au 10.5, wanaotaka kuzifungia turbo: kama bajeti ni ndogo ziache hivyo hivyo, busti 0.4 mpaka 0.5, cheche irudishwe nyuma (ichelewe kidogo), intakula nzuri, basi. Na 2JZ-GE haina zile pua za kupulizia oili chini ya pistoni kama ya turbo, usiifanyie ushujaa.

Uamuzi wangu kwa Mwanza, petroli ya sheli, nozeli za manifodi: busti mpaka 0.7 nenda 9.0 mpaka 9.5. Busti 0.8 mpaka 1.2, 8.8 mpaka 9.2. Zaidi ya 1.5 na gari ya mashindano, 8.5. Chini ya hapo sioni sababu. Mwenye EJ205 ya 8.0 usihangaike kupandisha, tumia hela kwenye kupoza na oili.

Ukinunua pistoni mpya za kufuliwa (forged), nafasi kati ya ncha mbili za ringi ya juu fanya kipenyo cha silinda mara 0.0055, kwa 86 mm ni kama 0.47. Ukiacha ya kiwandani ringi itapanuka igusane na hapo hata Chalinze hufiki.

Hatua ya 6: kemu

Haya sasa. Kemu ina mambo matatu: vavu inakaa wazi muda gani, unahesabiwa kwa digrii za krenki, inanyanyuka kiasi gani, na umbali kati ya nundu (sehemu ya kemu inayosukuma vavu) ya inteki na ya ekzosi. Watu wanajua la kwanza tu.

Na hilo la kwanza lenyewe linadanganya. Mmoja anapima tangu vavu inapoanza kutikisika, mwingine tangu ikinyanyuka milimita moja, Wamarekani wanapima kwenye 1.27 mm. Kemu moja inaweza kuitwa 264 hapa na 220 kule. Usilinganishe mpaka ujue wamepimaje.

Kitu cha kutafuta kwenye karatasi ya kemu ni inteki inafunga lini, kwa sababu silinda haianzi kukandamiza mpaka vavu ifunge. Chukua muda gawa kwa mbili, jumlisha na kitovu cha nundu (digrii tangu pistoni iwe juu mpaka vavu ifunguke kabisa), toa 180. Kemu ya 240 yenye kitovu 110 inafunga digrii 50 baada ya pistoni kufika chini. Ya 264 inafunga 62. Ile 1JZ yetu ya 9.0, inteki ikifunga kwenye 45, kompresheni halisi ni kama 8.1. Ikifunga kwenye 65, inakuwa kama 7.2. Haya, na hiyo ni kwenye hewa ya 0.88. Ndo maana Verossa yangu ilikuwa maiti chini: gasketi nene imeshusha, kemu kubwa imeshusha tena, na Mwanza yenyewe ilishashusha.

Kwa hiyo kemu ikikua kidogo, kompresheni ipande kidogo kuifuata, haya mawili yanatembea pamoja. Mtu anayekuuzia kemu za 272 na pistoni za 8.0 kwenye kifurushi kimoja cha gari ya mjini, mwambie wabeja, yaani asante, uondoke.

La tatu, umbali wa nundu. Hapa ndo unaamua vavu zote mbili zikae wazi pamoja kwa muda gani. Jumlisha robo ya muda wa inteki na robo ya muda wa ekzosi, toa umbali, zidisha mara mbili. Kemu za 264 kwa 264 zikiwa na umbali 110 zinakaa wazi pamoja digrii 44. Ukizisogeza mpaka 114 zinakuwa 36. Za 240 kwenye 114 ni 12 tu. Za 280 kwenye 108 ni 64, hizo ni za injini isiyo na turbo inayopiga kelele. Kwa turbo inayobana tafuta 112 mpaka 116. Kwa turbo kubwa isiyobana 110 inakubali.

Wavuvi wa Mwaloni wanaelewaga hii kuliko mafundi. Ukifunga panga (propela) kubwa kwenye injini ya boti ya farasi 15, injini haifiki kasi yake, mtumbwi unalala majini, na hakuna anayesema injini mbovu, wanabadilisha panga. Sisi kwenye gari tunabadilisha injini.

Kwa kifupi chaguo langu: turbo ya kiwandani, kemu za kiwandani, mwisho. Turbo ya kati na busti karibu 1.0, kemu za 256 mpaka 264, umbali 112 au zaidi, mnyanyuo wa wastani. Turbo kubwa, RPM 7500, umeshapima ekzosi na haibani, ndo 272. Na kama una VVT-i jaribu kwanza kutyuni ile inteki, isogeze mbele kwenye RPM za chini kabla busti haijapanda, irudishe nyuma kwenye RPM za juu. Nimeshapata kwa laptopu peke yake kile mtu alikuwa anataka kununua.

Hatua ya 7: springi na nafasi ya vavu

Busti nayo inasukuma vavu ya inteki kwa nyuma. Vavu ya 33.5 mm kwenye 1.0 bar inasukumwa na kama kilo 9. Springi iliyochoka ya gari ya 2001 haiwezi kushinda hilo kwenye RPM kubwa, vavu inaelea, unasikia inakata kwenye 6500 unadhani ni plagi. Springi mpya kila mara, na hakikisha zikibanwa mwisho wa mnyanyuo inabaki kama 1 mm kabla hazijakutana.

Halafu udongo wa plastisini wa watoto, ule wa rangi, upo vibandani. Bandika juu ya pistoni, funga hedi na gasketi iliyotumika, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili, fungua, kata udongo kwa wembe pima. Inteki isipungue 1.5 mm, mimi nataka 2. Ekzosi 2 mpaka 2.5 kwa sababu inapanuka kwa joto. Hedi iliyoskimiwa inapunguza hii nafasi pia, usisahau.

Hatua ya 8: funga kwa digrii, usifunge kwa alama

Hedi ikiskimiwa inashuka karibu na krenki na kemu inachelewa digrii kidogo hata kama alama zote zimekaa sawa. Kwa hiyo tafuta gia za kemu zinazosogea, chapisha duara la digrii stesheneri bandika kwenye kadibodi ngumu ufunge mbele ya krenki, dayo geji (saa ya kupima mwendo mdogo wa vavu) juu ya vavu, tafuta kitovu cha nundu, kiweke pale karatasi ya kemu inasema. Nusu siku inaisha hapo. Fundi anayekwambia haina haja, mlipe ya kwake mwachane vizuri.

Mara ya kwanza usiwashe mpaka umezungusha kwa stata bila plagi uone presha ya oili. Ikishawaka usiiache silensa, ishike 2000 mpaka 2500 dakika ishirini nundu zizoeane na vikombe vyake.

Plagi za baridi namba moja au mbili, mwanya 0.7. Kutyuni anza na busti ya springi tu, lamda (kipimo cha mchanganyiko, chini ya 1 petroli ni nyingi) 0.78 mpaka 0.82 kwenye mzigo, cheche irudi nyuma kuliko unavyodhani, pandisha digrii moja moja. Sikiliza kwa hosi: bomba la shaba lililobanwa bapa, lifunge kwenye bloku, hosi ya mpira mpaka kwenye hedfoni za ujenzi. Kokoto ukizisikia mara moja rudi digrii mbili, usisubiri ya pili. Barabara ya kujaribia chagua Usagara kuelekea Misungwi asubuhi sana kabla mabasi hayajatoka, sio darajani Busisi tafadhali, kule kuna watu wanapiga picha.

Baada ya kilomita 500 toa plagi zote uzipange kwa namba, uziangalie na lenzi. Ukiona vidoti vidogo vinavyong'aa kwenye kaure nyeupe hiyo ni pistoni inayeyuka kidogo kidogo, rudisha cheche kabla ya kuwasha tena. Verossa yangu ilirudi kwenye gasketi ya kiwandani, kemu za 256, turbo ya saizi ya kati, 1.0 kwenye geji, na plagi zake za mwisho zilitoka rangi ya karanga zilizokaangwa, zote sita.